UZI: Viungo vya pilau vimetoka wapi hasa? Karafuu siyo ya kwetu kiasili, tuelewane

Mwanapilau (mleta uzi)

Wakuu habari za jioni, poleni na foleni. Kuna uzi wa mapishi humu jamaa kaandika kwa kujiamini kabisa eti karafuu asili yake Zanzibar, Wahindi ndo waliikuta kwetu wakaibeba kwao, na watu wakamgongea laiki kama zote. Sikutaka kuwaharibia wenyewe uzi wao wa futari kwa hiyo nimeleta hapa. Ukweli ukifunua sufuria ya pilau karibu kila kitu mle ndani ni mgeni, kasoro moto na mpishi. Mimi sioni kama hilo linatupunguzia chochote, ila tukijua kila kiungo kinatoka wapi na kinakuwaje tutaacha pia kupigwa dukani maana kwenye viungo tunapigwa vibaya mno.

Karafuu kwao ni Maluku, vile visiwa vidogo vya mashariki ya Indonesia, Ternate, Tidore, Makian na wenzake. Karne na karne dunia nzima ilikuwa inapata karafuu kutoka hapo tu, inapita mikononi mwa Wajava, Wahindi, Waarabu, mpaka ifike Ulaya kila mtu kashaongeza cha juu chake. Wadachi walipoingia miaka ya 1600 wakaona dawa ni kuhodhi, wakawa wanakata mikarafuu visiwa vingine vyote wakaiacha Ambon na vijisiwa vya jirani, ili bei isishuke, na ukikamatwa unatorosha mche unanyongwa. Sasa mwaka 1770 Mfaransa mmoja Pierre Poivre, aliyekuwa msimamizi kule Morisi, akatuma watu wakaiba miche. Ikashika Morisi, ikashika Reunion, na huko ndo ilikotoka kuja Unguja mwanzoni mwa miaka ya 1800. Anayetajwa sana kuileta ni Saleh bin Haramil al-Abry, Mwarabu wa Oman, mashamba yake yalikuwa Kizimbani na kwingineko. Kwa hiyo karafuu hapa kwetu ina miaka 200 na ushee tu, wakati Mswahili anakula pilipili manga na tangawizi za baharini tangu enzi za Kilwa.

Sultani Seyyid Said alipoona hela ipo akamnyang'anya Saleh mashamba, kisha akaagiza kila mwenye shamba apande mikarafuu mitatu kwa kila mnazi mmoja. Na hapa ndo pale waongoza watalii wanaparuka haraka haraka. Ile mikarafuu ilipandwa, ikapaliliwa na kuchumwa na watumwa, watu waliosombwa pande za Ziwa Nyasa na kwingineko bara wakapitishwa Kilwa wakaletwa visiwani. Soko la watumwa Unguja lilifungwa 1873, hadhi ya utumwa ikafutwa kisheria 1897. Harufu nzuri ya Zanzibar imejengwa hivyo, tusijisahaulishe.

Vingine kwa kifupi maana najua mna njaa: pilipili manga na hiliki kwao ni milima ya kusini magharibi mwa India, mdalasini wa kweli Sri Lanka, tangawizi na manjano Asia ya kusini huko, binzari nyembamba na giligilani ni watu wa Mashariki ya Kati na pwani za Mediterania, mbegu za giligilani zimekutwa hadi kwenye kaburi la Tutankhamun. Kungumanga na basibasi nitavisema nikipata nguvu. Karibuni, na wale wabishi pia karibuni.

---

Mpemba Halisi

Mleta uzi umeanza vizuri lakini umetusahau sie Pemba, kama kawaida yenu. Kila mtu karafuu karafuu Zanzibar, anapelekwa Kizimbani anaoneshwa mti mmoja anapigwa picha na kofia ya makuti basi kamaliza. Karafuu iko Pemba bwana. Na sababu ni kimbunga cha mwaka 1872, kilipiga Unguja kikang'oa sehemu kubwa ya mikarafuu, Pemba kikatupitia pembeni. Toka hapo Pemba ndo mama wa karafuu mpaka leo.

Halafu watu wanaila hawajui hata ni nini. Lile ni ua ambalo halijafunguka. Ukichelewa likafunguka thamani imeshuka, kwa hiyo msimu ukifika ni mbio, watu wanapanda juu ya mti wanachuma kishada kizima, jioni familia imekaa inachambua, karafuu huku makonyo (vile vijiti vya kishada) huku, kesho yake inaanikwa jamvini. Jua zuri siku nne tano imekauka, mvua ikikuingilia inafanya ukungu na inapoteza rangi unalia. Kilo tatu hivi mbichi zinakupa moja kavu. Makonyo nayo hayatupwi, yanakamuliwa mafuta kiwanda kipo Wawi, Chake Chake. Na hii karafuu ikishakauka huwezi kumuuzia umtakaye, mnunuzi kisheria ni ZSTC, shirika la serikali, ndo maana mnasikia kila msimu habari za magendo ya kuvusha usiku kwenda Kenya.

---

Mtoto wa Old Town

Salaam alaykum nyote, mimi niko Mombasa hapa na sitaki kusema lolote kuhusu hayo magendo 😂😂

Swali langu kwa mleta uzi, kama karafuu kwao ni Indonesia basi Zanzibar ilikuwa inamuuzia nani? Manake hata ukila pilau kila siku kilo moja ya karafuu itakukaa hadi ujukuu. Kwetu pishi nzima ya mchele hutia karafuu za kuhesabu.

---

Mwanapilau

Hapo umegusa penyewe kabisa kaka, na jibu lake huwa linanifurahisha. Mteja mkubwa alikuwa huyo huyo Mwindonesia!

Iko hivi. Huko Kudus kisiwani Java mwishoni mwa miaka ya 1800 watu walianza kuvuta sigara yenye tumbaku iliyochanganywa na karafuu, inaitwa kretek. Ikashika nchi nzima, viwanda vikawa vikubwa, na karafuu yao wenyewe haikutosha maana Wadachi walishavuruga kilimo chake zamani. Wakawa wanaagiza kutoka Zanzibar. Yaani nchi ilikozaliwa karafuu inanunua karafuu kwa wajukuu wa mche ulioibwa kwake. Miaka mingi sehemu kubwa kabisa ya karafuu yote iliyouzwa duniani ilikuwa ya kwetu, na nyingi iliishia kuvutwa na siyo kuliwa. Kisha Indonesia miaka ya 1970 wakasema basi, wakapanda mikarafuu kwa fujo mpaka wakajitosheleza, na kuingia miaka ya 80 bei ikaanguka vibaya mno. Wazee wa Pemba waulizeni kile kipindi, watu waliacha karafuu zikadondoka zenyewe. Sasa hivi Indonesia ndo mzalishaji namba moja na nyingi anavuta mwenyewe, sie na Madagaska na Komoro tunagombania waliobaki, India, Singapore, Uarabuni.

Kwa hiyo anayesema "tulime karafuu tutajirike" amuulize kwanza mnunuzi ni nani na anaitumia kufanyia nini. Zao lote kutegemea tabia ya kuvuta sigara ya nchi moja, mimi hilo siliwezi.

---

Mama Kitchen Party

Jamani historia tumeisikia, turudi jikoni 😅 mimi nataka kujua hizo za kupigwa dukani. Nanunua pilau masala ya pakiti, rangi nzuri, harufu hata haifiki sebuleni. Shida nini?

---

Mwanapilau

Dada yangu shida ni kwamba umenunua unga. Harufu ya kiungo ni mafuta yaliyojificha ndani yake, yakishasagwa yanaanza kuondoka siku hiyo hiyo, sasa pakiti imesagwa lini, imekaa stoo muda gani, imeanikwa juani dukani kwa Mangi miezi mingapi, unadhani kimebaki nini? Na ikishasagwa hujui kimechanganywa nini. Mimi ushauri wangu ni mmoja, nunua vizima, vikaange kidogo bila mafuta mpaka viite, twanga kwenye kinu vya kutosha pilau moja. Vinavyobaki weka kopo lenye mfuniko mbali na jiko, siyo ile rafu ya juu ya jiko ambayo kila mtu anaipenda, pale joto na mvuke vinaviua.

Karafuu ya kuangalia ni ile yenye kichwa, ile duara juu haijang'oka, ukiibonyeza na ukucha inatoa mafuta. Ukitia kwenye glasi ya maji nzuri inazama au inasimama wima, ile ambayo imeshakamuliwa mafuta inalala juu ya maji. Wapo wanaouza hizo zilizokamuliwa, tena bei ile ile.

Pilipili manga ya unga ndo usinunue kabisa, hapo hata mbegu za papai zilizokaushwa zinaingia. Halafu wanaouliza nyeupe na nyeusi ni mti mmoja, nyeusi inachumwa haijaiva inaanikwa na ganda lake, nyeupe imeiva ikalowekwa ikavuliwa ganda.

Manjano nayo kuwa makini dada. Kule Bangladesh watafiti walitoa ripoti 2019 kwamba wafanyabiashara walikuwa wanapaka manjano kemikali ya njano yenye madini ya risasi ili ing'ae, na watu wakapata sumu mwilini. Sisemi ya kwetu iko hivyo, nasema ukiona manjano ya unga inawaka kama koti la trafiki jiulize. Nunua mizizi ya Muheza au ya Unguja kausha mwenyewe.

---

Mtoto wa Old Town

Na mdalasini? Juzi kuna mtu aliniambia tunaokula si mdalasini.

---

Mwanapilau

Alikwambia kweli nusu. Kuna ndugu wawili. Ule wa Sri Lanka ni gome jembamba sana, wanakunja tabaka nyingi ndani ya nyingine, ukiuvunja unavunjika kirahisi kwa vidole na utamu wake ni mpole. Mwingine unatoka China, Vietnam na Indonesia yenyewe, gome nene gumu limejikunja mara moja tu, kuuvunja mpaka nyundo, na ukitafuna unachoma ulimi. Huo wa pili ndo umejaa madukani kwa sababu ni rahisi. Kwenye pilau ya nyama mimi wala sioni ubaya wake, unavumilia moto mrefu kuliko ule mpole. Tatizo ni wale wanaokoroga kijiko kizima cha unga kwenye maji moto kila asubuhi kupunguza kitambi, huo mnene una kitu kinaitwa kumarini, ukiutumia mwingi kila siku unaweza kudhuru ini. Kwa chai ya kila siku tafuta ule mwembamba, na mdalasini uliopandwa Zanzibar mwingi ni wa ukoo huo wa Sri Lanka kwa hiyo hamna sababu ya kuhangaika.

---

Kahawa Chungu

Nawasalimu kutoka Muscat. Sisi wa kizazi cha waliorudi kutoka Unguja huku tunakula vyote viwili, pilau ya bibi kwa Kiswahili na chakula cha Kiomani kwa bizari yao ambayo ni mchanganyiko wa binzari nyembamba, giligilani, pilipili manga, mdalasini na ndugu zao. Hiliki huku ndo mfalme, kahawa bila hiliki mgeni anakuona bakhili. Na nilipochunguza hiliki nyingi iliyoko Ghuba unadhani imetoka wapi? Guatemala! Mjerumani mmoja aliipeleka kule mwanzoni mwa miaka ya 1900, wenyewe Guatemala wala hawaili, wanalima kuwauzia Waarabu.

---

Kibaba cha Mchele

Kahawa Chungu asante kwa hilo. Mimi nimekulia Muheza, juu Amani. Hiliki tunalima lakini ijulikane ina gharama yake, hiliki inapenda kivuli kwa hiyo watu waliingia msitu wa Usambara Mashariki wakafyeka miti ya chini wakaacha mikubwa ya kivuli, wakapanda hiliki. Miaka michache udongo umechoka, hiliki inakufa, mtu anafyeka mbele. Msitu wenyewe una mimea na vyura ambavyo duniani havipo kwingine. Siku hizi wengi wamehamia pilipili manga na karafuu na mdalasini, mti unaopanda mwenyewe shambani kwako na pilipili inautambaa. Hii ya sasa naiunga mkono, ila dalali anayekuja na mzani wake huyo ndo adui wa maendeleo, kilo yake haijawahi kuwa kilo.

---

Mbishi Namba Moja

Haya mkuu umesema kila kitu kimekuja, sawa, lakini pilipili kali je? Pilipili mbuzi, pilipili kichaa, hizo utaniambia nini? Hizo za Afrika, au za Wahindi basi, Mhindi bila pilipili yupo?

---

Mwanapilau

Alikuwepo, tena miaka maelfu. Pilipili kali zote, mbuzi, kichaa, hoho hata ile isiyowasha, kwao ni Amerika, pande za Mexico na Amerika Kusini. Kabla ya Columbus kuvuka 1492 hakuna Mhindi, Mthai, Mhabeshi wala Mswahili aliyewahi kuiona. Mreno ndo aliyezisambaza kwenye njia zake, Goa, Msumbiji, pwani yetu. Kabla ya hapo anayetaka ukali alitumia pilipili manga na tangawizi. Vasco da Gama alipotia nanga Malindi 1498 akapewa rubani wa kumvusha mpaka Calicut, pwani ya Malabar kusini magharibi mwa India, alikuwa anafuata pilipili manga, hajui kwamba wenzake upande wa pili wa dunia wameshaigusa ile nyingine itakayokuja kuifunika. Na pilipili manga ilikuwa mali kweli kweli, Ramses wa pili wa Misri aliyefariki 1213 kabla ya Kristo alikutwa na punje zake puani. Punje ya Malabar ndani ya pua ya farao, hebu fikiria hiyo biashara.

---

Mbishi Namba Moja

Daah. Nimekaa kimya kidogo 😂 ila ntarudi

---

Mhaya wa Ziwani

Vanila mbona mmeitenga? Sisi Kagera na jirani zetu Uganda ndo kilimo hicho.

---

Mwanapilau

Mkuu haiingii kwenye pilau ndo maana 😅 lakini stori yake inastahili. Vanila ni okidi ya Mexico. Ilipelekwa Reunion ikawa inachanua vizuri tu haizai, maana wadudu wanaoichavusha walibaki Mexico. Mwaka 1841 kijana wa miaka 12, mtumwa, anaitwa Edmond Albius, akagundua jinsi ya kuichavusha kwa kijiti na kidole gumba, sekunde chache ua moja. Mpaka leo Madagaska, Uganda, Kagera, kila ganda la vanila limepitia njia ya yule mtoto. Na ua linafunguka asubuhi moja tu, ukichelewa shambani limenyauka, wewe mwenyewe unalijua hilo kuliko mimi. Yeye alikufa maskini.

---

Bibi Harusi 2

Samahani natoka nje kidogo, jino linaniuma tangu juzi, mama mkwe kasema niweke karafuu. Inasaidia au stori za bibi tu?

---

Daktari Mtarajiwa

Pole dada. Mama mkwe kasema kweli, karafuu ina mafuta yanaitwa yujenoli (eugenol), inatia ganzi na kuua vijidudu, na madaktari wa meno wenyewe wanaitumia ikichanganywa na zinki kwenye kuziba jino la muda. Ing'ate taratibu pale panapouma. Ila ni ya kukutuliza ulale usiku, jino limeoza halitapona kwa karafuu, kesho nenda. Na yale mafuta ya kichupa yana nguvu sana, yanachoma fizi, na watoto wadogo wasipewe kabisa, wakiyanywa hata kidogo ini linaweza kuharibika.

---

Mama Kitchen Party

Mwanapilau uliahidi kungumanga, usitoroke. Na zafarani pia, nimeuziwa elfu tatu mfuko mzima nikaona nimeokota dodo.

---

Mwanapilau

Dodo lenyewe bovu dada. Zafarani ni vile vinyuzi vitatu vya katikati ya ua, vinatolewa kwa mkono, kilo moja inataka maua kama laki moja na nusu, na nyingi inatoka Iran. Mfuko mzima elfu tatu hapo umepewa maua ya kitu kingine au nyuzi zimepakwa rangi. Tia nyuzi mbili tatu kwenye maji baridi, ya kweli inatoa njano polepole na uzi unabaki mwekundu, feki maji yanakuwa mekundu hapo hapo na uzi unapauka. Na biriani nyingi za mahotelini ile njano ni rangi ya kopo, tusidanganyane.

Kungumanga kwao ni Banda, kusini ya hapo hapo Maluku. Tunda moja linatoa viungo viwili, ukipasua kokwa ndo kungumanga, ule utando mwekundu ulioikumbatia ndo basibasi. Wabanda hawakutaka kumuuzia Mdachi peke yake, basi 1621 gavana wa Wadachi, Jan Pieterszoon Coen, akaja na meli na askari, watu kama elfu kumi na tano wa visiwa vile wakauawa, wakafa njaa, wakauzwa utumwani, wakabaki kama elfu moja. Halafu kisiwa kimoja cha hapo, Run, Mwingereza alikuwa anakidai, kwenye mkataba wa Breda wa 1667 Mdachi akabaki na Run na Mwingereza akabaki na Manhattan. Hiyo hiyo ya New York. Wakati ule Mdachi ndo alionekana mjanja.

Jikoni kungumanga ni ya kukwaruza tu, robo ya kokwa kwenye sufuria kubwa imetosha. Wale waongoza watalii wana masihara yao kuhusu kungumanga na akina mama, mnayajua, ila ukweli ukila nyingi inaleta kichefuchefu, moyo kwenda mbio na maruweruwe. Msijaribu.

---

Mpemba Halisi

Sasa mleta uzi tuambie wewe pilau yako unatia nini, maana umeongea kama kitabu.

---

Mwanapilau

Mchele kilo moja: binzari nyembamba vijiko viwili vya chakula, hiyo ndo pilau yenyewe, ukikosa hiyo umepika wali wa nyama. Pilipili manga kijiko cha chai, hiliki nane, mdalasini kijiti cha kidole, karafuu sita basi, zaidi ya hapo utakula dawa ya meno. Kitunguu kikaange mpaka kiwe kahawia kabisa, rangi ya pilau inatoka kwenye kitunguu haitoki kwenye masala, wengi wanakimbilia kutia vitunguu saumu na tangawizi kitunguu maji bado cheupe halafu wanalalamika pilau imepauka. Tangawizi mimi nanunua ya Same, kali. Viungo nusu naviweka vizima kwenye mafuta, nusu nilivyotwanga naviweka nyama ikishakaangika, supu inafuata.

---

Mtoto wa Old Town

Na viazi?

---

Mwanapilau

Viazi ndiyo, vikubwa, vikaangwe kwanza. Nyanya hapana.

---

Mbishi Namba Moja

Nimerudi. Nyanya lazima.